Mwasiti na Mapatano ya Ndege wa Mpunga

Hadithi ipo.

Ipepete.

Ina makapi.

Yapeperushe.

Na punje je?

Tupe tutafune.

Haya, sogeeni. Na wewe unayekohoa, kohoa kabisa umalize, maana nikianza sirudii.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, ndege walipokuwa wakisema na watu na watu wakiwajibu bila kuona haya, palikuwa na bonde la mpunga. Upande huu vilima, upande ule mto, na katikati mashamba yamefuatana moja baada ya jingine kama sahani za karamu. Kila shamba lilikuwa na dungu lake. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu. Unapanda kwa ngazi, unakaa huko juu unaamia, yaani unafukuza ndege, mpaka mpunga uvunwe. Unapika huko, unalala huko, na ukigombana na mumeo unagombana huko huko, bonde zima likasikia na kutoa hukumu.

Katika bonde hilo aliishi mwanamke jina lake Mwasiti. Alikuwa na mume, mume akafa, akamwachia mtoto mdogo wa kike, Chausiku, na kijishamba mwisho kabisa wa bonde, kando ya matete. Lakini Mungu hakumnyima yote. Alimpa sauti.

Sauti gani? Si ya kuimbia harusi. Ya kuamia. Mwasiti akisimama juu ya dungu na kuiachia,

Hoo-aa, ndege, hoo,
hapa si kwenu, hapa,
kwenu ng'ambo ya mto,

basi kwelea wote waliinuka. Kwelea mnawajua, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, wanaokuja kama moshi na kuondoka kama moshi, na walipopita hubaki majani matupu. Watu wengine waligonga magogo, walirusha udongo kwa kombeo mpaka mabega yakawauma, na kwelea wakainua vichwa tu, wakaambiana, "Yule anajinyoosha viungo," wakaendelea kula. Kwa Mwasiti waliinuka.

Ikawaje? Watu wakawa wanamwita.

"Mama Chausiku, njoo kwangu kidogo."

"Mama Chausiku, na kwangu."

"Mama Chausiku, mimi umenisahau?"

Naye alikwenda. Alifika shamba la kwanza, akaita, ndege wakainuka, wakatua la pili. Akafika la pili, akaita, wakatua la tatu. Akafika la tatu, akaita. Hivyo hivyo shamba kwa shamba, mtoto mgongoni, matope magotini, mpaka awavushe mto. Alikuwa akiwavusha, anageuka, na wengine hao wanakuja. Kutwa nzima. Na wenye mashamba? Walijilaza madunguni. Hata wale waliojua kuita wakaacha. Kwa nini ukaushe koo na Mwasiti yupo?

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja Mwasiti alikuwa kule juu ya bonde akiamia mpunga wa watu. Kelele za kwelea akazisikia nyuma yake, mbali, upande wa matete. Akakimbia. Alipofika kwake, shamba lilikuwa limesimama wima. Mpunga wenye punje huinama, wanangu. Huu ulisimama, kwa sababu haukuwa na kitu cha kuuinamisha.

Mavuno yakaja. Watu walimpitia wakiwa na makapu kichwani. "Ahsante, Mama Chausiku, una sauti wewe, Mungu akuzidishie." Akazidishiwa sauti. Kapu lake hakuna aliyelizidishia kitu.

Aliyekuja na mkono usio mtupu alikuwa Siwatu, jirani yake, mwanamke mwenye mdomo usio na kizibo, shamba lake limepakana na la Mwasiti. Siwatu alileta nusu kapu ya chenga za mchele.

"Pokea, shoga. Si haba."

Mwasiti akatia mkono kapuni, akatazama. "Hizi kuku wako wamezikataa?"

"Wamezikataa kidogo," akasema Siwatu.

Wakacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Mwasiti kiliishia kwenye meno. Mwaka ule Chausiku alikula mizizi ya yungiyungi mpaka mashavu yakamwingia ndani, na kila alipolia, mama yake aliyatazama maghala ya wenzake kule kilimani, akasema moyoni, "Shukrani ya punda ni mateke. Na mimi nimewafuga punda bonde zima."

Msimu mwingine ukaja, Mwasiti akapanda mbegu za kukopa. Mpunga ukachipua, ukabeba, ukaanza kutunga maziwa. Punje ikiwa na maziwa ndipo kwelea wanapoipenda. Asubuhi moja jua linachomoza, Mwasiti anakoroga uji, ndege akatua kwenye ngazi ya dungu. Alikuwa Jumbe wa kwelea mwenyewe, mzee, mdomo wake mwekundu umeshapauka kwa miaka ya kula vya watu.

"Hujambo, mwenye sauti?"

"Sijambo. Ondoka."

"Naondoka. Nauliza tu. Mwaka jana ulikula nini?"

Mwasiti akakoroga uji. Jumbe akaruka.

Asubuhi ya pili, jua linachomoza, huyo kwenye ngazi.

"Hujambo, mwenye sauti?"

"Sijambo. Ondoka."

"Naondoka. Nauliza tu. Na wenzako walikula nini?"

Mwasiti akakoroga uji, mwiko ukagonga chungu. Jumbe akaruka.

Asubuhi ya tatu, jua linachomoza, huyo.

"Hujambo, mwenye sauti?"

"Sijambo."

Hakusema ondoka. Jumbe akapanda kidato kimoja cha ngazi.

"Nauliza tu. Hiyo sauti ni yako, au ni ya bonde?"

"Ni yangu."

"Basi itunzie kwako. Wewe nyamaza kwenye mashamba ya watu. Sisi la kwako hatuligusi, si suke lililosimama, si punje iliyodondoka. Utavuna, mwanao atakula, na koo lako litapumzika. Nimekosea wapi?"

Mwasiti akatafuta alipokosea, hakupaona. "Utaapa?"

"Naapa. Mimi, na wote walio nyuma yangu."

Na nyuma yake, kwenye matete, walikuwa wamejaa mpaka matete yamepinda. Wote wakainamisha vichwa mara moja. Hayo ndiyo yakawa mapatano.

Siku ile ile sauti ikatoka juu ya bonde. "Mama Chausiku, njoo kwangu kidogo."

"Koo linaniuma," akajibu.

Siku iliyofuata, "Mama Chausiku, vipi leo?"

"Koo bado."

Siku ya tatu akajifunga kitambaa shingoni, na hakuna aliyeuliza tena. Ila Siwatu. Siwatu alipanda ngazi anahema, mkononi kibuyu kidogo.

"Tangawizi na asali. Kunywa, shoga. Bila wewe tumekwisha."

"Asali msimu huu umeitoa wapi?"

"Kunywa, usinihoji kama mkwe."

Mwasiti akanywa. Asali ikapita, tangawizi ikapita. Lile neno la Siwatu likakwama, halikupanda wala halikushuka.

Kwelea wakaanza juu ya bonde. Wakala shamba la kwanza, likasimama wima. Wakala la pili, likasimama wima. Wakala la tatu. Watu walisimama madunguni kuita, lakini sauti walizokuwa wameziacha zimelala zilikataa kuamka. Mmoja alitoa mlio kama mlango, mwingine akakohoa. Ndege hawakuinua hata vichwa. Na kila shamba lililokwisha, mwenyewe alishuka ngazi, akachukua chungu chake na mkeka wake, akarudi kilimani. Dungu likabaki tupu, upepo unaingia huku unatokea kule.

Kwa Mwasiti ndege walipita juu tu, kwa adabu, kama watu wapitao mbele ya kilio. Mpunga wake ukainama, ukawa wa rangi ya shaba.

Chausiku akauliza, "Mama, mbona ndege hawatui kwetu?"

"Kula uji wako."

"Mbona wanatua kwa Mama Siwatu?"

"Chausiku, kula uji."

Shamba la Siwatu lilikuwa la mwisho. Mwasiti alimwona Siwatu akishuka ngazi na chungu chake, akamwona akipita njiani chini kabisa ya dungu lake. Siwatu, mwenye mdomo ule, alipita kimya.

Sasa niwaulize. Ndege akishiba hufanya nini? Hujenga. Kwelea walijenga viota kule kwenye miiba, kiota juu ya kiota. Wakataga. Mayai yakaanguliwa, makinda yakaota manyoya. Vyote hivyo kwa mpunga wa bonde lile.

Ikafika asubuhi. Mwasiti anatoka dunguni ananyoosha mgongo, akaona jua halijachomoza ilhali muda wake umepita. Akatazama vizuri. Jua lilikuwa limechomoza, ila kati yake na jua palikuwa na ndege. Wakashuka, wakatua shambani kwake, na mpunga ukalala chini kwa uzito wao.

Jumbe alikuwa kwenye ngazi.

"Wewe," akasema Mwasiti, "uliapa."

"Niliapa, na nimeshika. Tulioapa hawa hapa, tumekaa kwenye matete, hatugusi hata majani. Wale ni watoto wetu."

"Wakataze."

"Nimewakataza. Wananiambia hawakuwepo siku ya mapatano. Na kweli hawakuwepo." Jumbe akajikuna ubawa. "Watoto wa siku hizi, mama, unawajua mwenyewe."

Mwasiti akararua kitambaa cha shingoni, akaita.

Hoo-aa, ndege, hoo,
hapa si kwenu, hapa,
kwenu ng'ambo ya mto.

Wakainuka wote. Msije mkasema sauti ilipotea, haikupotea, ilikuwa nzima kama ilivyotoka kwa Mungu. Ndege walipaa, wakaenda mpaka juu ya shamba la Siwatu. Pale hapakuwa na mtu wa kuwaambia songeni. Wakageuka, wakarudi, wakatua pale pale. Akaita mara ya pili, wakapaa, wakageuka, wakarudi. Akaita mara ya tatu. Akitaka kuwafuata, wanazunguka nyuma yake na kutua alikotoka.

Ndipo akaketi kwenye sakafu ya dungu, akaliona bonde lote lilivyo. Mashamba yamesimama wima, madungu matupu, na katikati ya ukiwa ule, mpunga mmoja tu wenye punje. Wa kwake. Akakumbuka kitu ambacho hasira ilikuwa imemsahaulisha. Mbegu. Watu wa bonde hawakuwa na mbegu nyingine, maana mbegu hutoka kwenye mavuno, na ya mwaka jana yalishaliwa. Ule mpunga ukiisha leo, bonde lile halitapandwa tena, na Chausiku hataujua wali ila kwa kusimuliwa.

Akambeba mtoto, akashuka, akakimbia kilimani.

Aliwakuta uwanjani wanamenya mizizi ya yungiyungi. Mzee mmoja aitwaye Ngwali, mwenye shamba la juu kabisa, akasema, "Mama Chausiku. Koo limepona?"

"Koo halikuumwa," akasema Mwasiti.

Visu vikasimama. Akawaeleza yote, ya ngazi, ya kiapo, ya kitambaa, na kwamba ndege sasa wako shambani kwake. Alieleza akiwa amesimama, hakuna aliyemwambia keti.

Ngwali akafuta kisu chake kwenye paja. "Kwa hiyo umekuja kutuambia tupande madunguni."

"Ndiyo, baba."

"Tuamie mpunga wa nani?"

"Wangu."

"Na njaa ni ya nani?"

"Yenu."

"Haya. Umejisikia mwenyewe."

Wengine wakacheka, kicheko kikavu. Mwasiti akangoja kiishe.

"Mbegu zenu ziko wapi?" akauliza.

Visu vikarudi kwenye mizizi.

"Mbegu zenu ni zile zinazoliwa sasa hivi. Mkinisaidia, kila nyumba itachukua mbegu kabla mimi sijatia punje moja kinuni. Msiponisaidia, mna haki yenu, wala sitalalamika. Lakini hatutapanda, si nyinyi si mimi."

Ndipo Siwatu akainuka, akaja mpaka mbele yake, uso kwa uso.

"Ulikunywa asali yangu."

"Niliinywa."

"Na koo halikuumwa."

"Halikuumwa."

"Kile kibuyu kilikuwa cha mwisho. Niliwanyima wanangu."

"Sikujua, shoga. Na ningejua, sijui kama ningesema kweli. Nilikuwa na uchungu."

Siwatu akamtazama sana. Kisha akashika ncha ya nguo yake, akajifunga kiunoni. "Siku ile nilipokuletea chenga," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "ndani nilikuwa na mchele mzima, makapu yamefika juu. Na si mimi peke yangu." Akawageukia wale waliokuwa wakicheka. "Nani hapa alilala dunguni mwaka jana huku mjane anamkimbilia ndege zake na mtoto mgongoni? Anyooshe mkono. Usipunge, Ngwali, nyoosha tu." Akamrudia Mwasiti. "Mimi na wewe hatujamaliza. Lakini tutagombana vizuri tukiwa na kitu tumboni. Twende."

Wakaenda. Mmoja, wa pili, wa tatu, kisha wote, na Ngwali nyuma yao akinung'unika kwamba magoti yake hayakuumbiwa ngazi.

Njiani Siwatu akasema, "Ila sauti zetu zimeingia kutu. Ulizisikia."

"Siwaombi sauti yangu," Mwasiti akasema. "Hiyo mimi ninayo. Kila mtu apande dungu lake, hata kama shamba lake ni tupu. Mimi nitawainua. Wakifika juu yako, usiwaache watue. Sema 'Nimepokea', kwa sauti yoyote uliyo nayo, uwasukume kwa mwenzako."

"Hata kama inatoka kama ya mbuzi?"

"Kwelea hamjui mbuzi. Atadhani ni kitu kipya."

Wakapanda. Mwasiti akasimama kwake kando ya matete, akavuta pumzi.

Hoo-aa, ndege, hoo,
hapa si kwenu, hapa,
kwenu ng'ambo ya mto.

Ndege wakainuka kama moshi. Wakafika juu ya shamba la Siwatu, wakataka kugeuka. "Nimepokea!" Wakasonga. Shamba la pili, "Nimepokea!" Wakasonga. La tatu, la nne, sauti hii nyembamba, sauti ile nzito, moja ya mbuzi kweli, moja ya mtu anayekaribia kulia, mpaka juu ya bonde ambako Ngwali alitoa mlio kama mlango mbovu, na inasemekana ndege walimwogopa yeye kuliko wote. Bonde zima likawa koo moja. Kwelea hawakupata hata unyasi wa kutua. Wakavuka mto, wakaangukia kwenye nyasi za porini ambazo ndizo riziki yao tangu dunia iumbwe.

Walirudi jua lilipopungua. Wakapokewa. Walirudi kesho yake. Wakapokewa. Sauti zilizoingia kutu zikang'aa kwa kutumiwa, na Mwasiti, asipokuwa akiita, alizunguka dungu kwa dungu akimwonyesha huyu jinsi ya kutoa sauti tumboni badala ya kooni, na yule jinsi ya kungoja mpaka ndege wakaribie.

Asubuhi moja Jumbe akatua kwenye ngazi.

"Hujambo, mwenye sauti?"

"Sijambo."

"Nauliza tu."

"Uliza ukiwa ng'ambo," akasema Mwasiti, na kabla hajamaliza, dungu la Siwatu likasema, "Nimepokea!" Jumbe akaondoka na swali lake mdomoni.

Nusu ya mpunga ilikuwa imeshaliwa, siwadanganyi. Nusu iliyobaki waliivuna pamoja. Mwasiti aliweka kapu mbele ya dungu, na kila nyumba ikapita ikachota mbegu. Alipomaliza kuwagawia, akatazama kilichobaki cha kutia kinuni. Kilikuwa kidogo. Alipika sufuria moja ya wali, akamwita Siwatu, na kabla ya kunawa mikono wakagombana kama walivyoahidiana. Waligombana ugomvi wa kweli, wa asali na wa chenga, kila mmoja akasema lake lote mpaka likaisha. Wali ulikuwa umeshapoa walipoanza kula. Chausiku hakuwangoja, alikuwa amekwisha kula sehemu yake na robo ya Siwatu.

Tangu msimu uliofuata, bonde lile likaweka mila. Mwenye sauti akitoka kwenda kuamia kwa watu, mtu mwingine hupanda dungu lake na kukaa humo mpaka arudi. Hapandi kesho wala baadaye, hupanda kabla mguu wa mwenzake haujagusa ardhi.

Basi wajukuu zangu, kipawa ni kama ndege aliyeinuliwa. Ukitaka kisikudhuru, kipitishe kwa mwenzako, naye akipitishe. Hilo kila bibi atakwambieni. Mimi naongeza moja, na hili mlishike zaidi: wewe unayekula kwa kipawa cha mwenzio, usimwambie ahsante ukaenda zako. Muulize kwanza, dungu lake leo amemwachia nani.

Hadithi yangu imefika ukingoni, mimi nashuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imepungua chumvi, aliyeipika ni bibi yake bibi yangu, naye hayuko karibu, na huko aliko nasikia hasikilizi malalamiko.